Dada Fundi Anajibu: Dashibodi, risiti na geji ya upepo

Barua za mwezi huu zimekuja kwa mitindo tofauti lakini swali ni lile lile: namba ambayo gari linaniandikia, niiamini kwa kiasi gani? Nimechagua nne. Mbili nimezijibu kwa urefu kwa sababu zina hesabu ndani yake, na hesabu ikirukwa jibu halimsaidii mtu.

Mwanangu fundi, hujambo? Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kibaha, nina Vitz ya cc 1300 niliyoagiza kutoka Japani. Dashibodi inaniandikia wastani wa kilomita 17.4 kwa lita. Niliamua kuhakiki. Taa ya mafuta ilipowaka niliandika kilomita, nikaweka mafuta ya elfu thelathini mara tatu kwa siku tofauti, nikaendesha mpaka taa ikawaka tena. Risiti zinasema lita 30.4, nami nimetembea kilomita 459. Hiyo ni 15.1 kwa lita. Mama watoto anasema vijana wa sheli wanatuibia. Kijana wangu anasema dashibodi ni muongo. Halafu mwaka jana nilibadilisha matairi: yalikuwa 165/70R14, sasa nina 165/65R14. Nayo yanahusika?

Shikamoo baba. Kugawanya kwako hakuna kasoro. Kinachonipa mashaka ni hizo lita 30.4, na nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tuone dashibodi inapata wapi namba yake.

Watu wengi wanadhani gari lina kifaa kinachopima mafuta yanavyotoka kwenye tangi. Halina. Kompyuta ya injini, ile mafundi tunaiita kontrol boksi, inajua kitu kimoja: kila nozeli, yaani kitundu kinachopulizia mafuta kwenye injini, imefunguka kwa muda gani, kwa sehemu ndogo mno za sekunde. Kiwandani iliandikiwa kwamba nozeli ya aina hii, kwa presha hii ya mafuta, ikifunguka kwa muda fulani inapitisha kiasi fulani. Basi inazidisha. Ni kama mtu anayekadiria maji kwa kuhesabu muda bomba lilivyokuwa wazi, bila kuangalia ndoo. Bomba likiwa jipya atakaribia ukweli sana.

Sasa nozeli ikichakaa na kuanza kupitisha mafuta zaidi ya kipimo chake, sensa (kifaa cha kuhisi) ya oksijeni iliyoko kwenye bomba la moshi inagundua kwamba mafuta yamezidi, na kontrol boksi inafupisha muda wa kufungua. Injini inaendelea kunguruma vizuri. Lakini ile hesabu ya dashibodi inaona muda umepungua, inadhani mafuta nayo yamepungua, na inakuandikia matumizi mazuri kuliko ya kweli. Nozeli ikiziba kidogo mambo yanageuka: muda unarefuka na dashibodi inalisingizia gari ulafi. Kwa hiyo gari la zamani lililofungwa nozeli za kuokoteza, ambazo si za namba ile ile ya kiwanda, siwezi kabisa kuiamini namba yake mpaka nimeipima.

Kwa magari yaliyo mazima ninayoyapima hapa gereji, dashibodi kwa kawaida inajisifu kwa asilimia tano, sita hivi, mara nyingine inafika kumi. Lako linaonekana limejisifu kwa asilimia 15. Hiyo imezidi, ndiyo maana nikarudi kwenye lita zako.

Umepima kutoka taa hadi taa. Taa ya mafuta inawashwa na boya lililomo ndani ya tangi, na boya linacheza. Ukiwa unapanda kilima, ukiwa umeegesha upande mmoja umeinama, au ukikata kona, taa inawaka mapema au inachelewa. Tuseme taa ya pili iliwaka tangi likiwa na lita 2 zaidi kuliko ile ya kwanza. Hapo umetumia lita 28.4, si 30.4, na jibu linakuwa 16.2 kwa lita. Yaani lita mbili tu zimekula karibu nusu ya ugomvi wenu wa nyumbani. Zikiwa zimepungua mbili badala ya kuzidi, jibu linashuka hadi 14.2.

Njia ninayoiamini ni ya kujaza mpaka pampu ijikate yenyewe. Jaza, pampu ikikata mara ya kwanza simamisha hapo hapo, usimruhusu mhudumu aendelee kudondoshea ili afikishe namba ya duara, wala msilitikise gari. Rudisha tripu, ile namba ya kilomita za safari moja, kwenye sifuri. Endesha mpaka tangi likaribie robo, kisha rudi kituo kile kile, pampu ile ile, gari limesimama kuelekea upande ule ule, ujaze tena mpaka ikate. Lita zilizoandikwa kwenye risiti ya EFD safari hii ndizo ulizotumia. Fanya hivyo kwa matangi kadhaa mfululizo, jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, ndipo ugawanye mara moja tu. Usichukue wastani wa majibu ya kila tangi. Wewe ni mwalimu utanielewa haraka: ukitembea kilomita 100 kwa 20 kwa lita, na 100 nyingine kwa 10 kwa lita, wastani wako si 15. Umetumia lita 5 na lita 10, jumla 15, kwa kilomita 200. Ni 13.3.

Matairi yanahusika, ila si kwa namna unavyodhani. Ile 65 badala ya 70 ina maana ubavu wa tairi umefupishwa, na tairi zima limepungua kipenyo kwa karibu asilimia 3. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi, gari linahesabu mizunguko, basi linapohesabu kilomita 100 wewe umetembea kama 97. Lakini tazama: dashibodi inatumia kilomita hizo hizo, na wewe kwenye hesabu yako umetumia kilomita hizo hizo kutoka kwenye odometa, ile saa ya kilomita ya gari. Kosa limeingia pande zote mbili sawasawa. Haliwezi kueleza kwa nini namba zenu zinatofautiana, ila linazipandisha zote mbili kidogo juu ya ukweli. Ukitaka kulitoa, washa ramani ya simu ukiwa unakwenda Chalinze, barabara ndefu isiyo na kona nyingi, ulinganishe umbali wa simu na wa odometa.

Kuhusu vijana wa sheli, baba, sitamtuhumu mtu kwa ushahidi wa taa. Pampu zinahakikiwa na Wakala wa Vipimo, wanaweka stika na lakiri, kwa hiyo angalia kwanza kama stika ipo na haijapitwa na muda. Ukishajaza matangi kadhaa kwa njia niliyoeleza, ukiona kituo kimoja kila mara kinakupa kilomita chache kuliko kingine kwa safari zile zile, hapo una jambo la kupeleka kwa Wakala, na upeleke na risiti zako zote.

Mwisho kwako: hakikisha namba unayoisoma ni ipi. Magari haya yakija na maandishi ya Kijapani, kibonyezo kimoja kinapitisha matumizi ya papo hapo, wastani, na kilomita zilizobaki. Na wastani unahesabiwa tangu mara ya mwisho ulipofutwa. Kama haujafutwa tangu lilipotoka bandarini, humo ndani kuna foleni zote za Kimara ulizowahi kukaa, huku risiti zako ni za majuma machache tu. Huwezi kulinganisha vitu viwili visivyo vya kipindi kimoja. Ufute siku ile ile unayojaza tangi.

Dada fundi, habari za kazi? Niko Arusha. Gari nililoagiza tangazo lake liliandika kilomita 23 kwa lita. Napata 14 nikijitahidi. Nimeuziwa gari bovu?

Nzuri kaka. Si lazima liwe bovu. Namba ile ya tangazo ilipatikana maabara, gari likiwa juu ya rola, kwa ratiba maalumu. Magari ya Japani ya zamani kidogo yalipimwa kwa ratiba inayoitwa 10-15: safari ya kilomita 4 na kitu, injini ikiwa tayari imepata moto, mwendo wa juu kabisa kilomita 70 kwa saa. Baadaye ikaja JC08, halafu WLTC, ambayo ni ngumu zaidi na iko karibu zaidi na maisha. Angalia tangazo lilitaja ipi. Kama ni 10-15, wewe unayepanda na kushuka Arusha na kiyoyozi umewasha, usiisubiri 23. Mwaka 2016 kampuni ya Mitsubishi ilikiri kwamba takwimu za matumizi ya mafuta za baadhi ya magari yake madogo zilichezewa, yakiwemo yaliyouzwa kwa jina la Nissan, kwa hiyo hata maabara nayo si msahafu.

Hata hivyo 14 nenda nayo kwa fundi aangalie plagi, chujio la hewa, na kama breki zinaachia. Jeki kila gurudumu ulizungushe kwa mkono. Linalokataa kuzunguka ndilo linalokula mafuta yako.

Shikamoo dada fundi. Mimi nafanya biashara kati ya Dar na Njombe na Harrier. Nilinunua kile kifaa cha kupima upepo wa matairi, chenye vifuniko vinne vya kufunga kwenye valvu na kioo kidogo cha kuweka juu ya dashibodi. Dar asubuhi nilijaza 33 matairi yote, na kioo kikasema 33. Kesho yake asubuhi Njombe kioo kikasema 30. Nikapima kwa geji ya mkono, ikasema 33. Fundi wa matairi pale akaniambia vifuniko ni feki nivitupe. Nimwamini nani?

Marahaba mdogo wangu. Usivitupe. Barua yako imenifurahisha kuliko zote kwa sababu vifaa vyote viwili vimesema kweli, kila kimoja kwa namna yake.

Kuna mambo mawili yaliyotokea usiku ule. La kwanza ni baridi. Hewa iliyofungiwa ikipoa, presha yake inashuka, takriban psi 1 (psi ndicho kipimo cha hizo 33 zako) kwa kila nyuzi 6 za joto, hivi. Kama Dar uliondoka na nyuzi 32 na Njombe alfajiri ukaamkia nyuzi 12, umepoteza psi 3 bila hata chembe ya hewa kutoka nje.

La pili ni mwinuko. Geji ya mkono haipimi hewa ya ndani ya tairi peke yake. Inapima tofauti kati ya hewa ya ndani na hewa ya nje inayotuzunguka. Dar, usawa wa bahari, hewa ya nje inakandamiza kwa psi 14.7. Njombe ni karibu mita 2,000 juu, na huko inakandamiza kwa kama psi 11.5 tu. Hewa ya nje imelegea kwa psi 3 na ushee, kwa hiyo tofauti inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Baridi imeondoa 3, mwinuko umerudisha 3, geji yako ikasoma 33 kama vile hukusafiri.

Kile kifuniko kinafanya kazi tofauti. Sensa nyingi za aina hiyo zinapima presha nzima ya ndani, halafu zinatoa hewa ya nje kwa namba moja isiyobadilika, ile ya usawa wa bahari. Hazijui kwamba umepanda mlima. Zimeiona baridi, hazikuuona mwinuko, ndiyo maana zikasema 30.

Tairi linabebwa na tofauti ya ndani na nje, kwa hiyo ukiwa Njombe fuata geji ya mkono. Ukisikiliza kioo ukaongeza hewa mpaka kikuandikie 33, utashuka Dar kwenye joto ukiwa na 36 au zaidi hata kabla hujawasha injini.

Kuna barua sikuandikiwa na wewe lakini naijibu hapa hapa, kwa kuwa naiona kila wiki kwa madereva wa njia yako. Mtu anaondoka Dar na 33, anafika Mikumi kioo kinasema 38, anaogopa tairi litapasuka, anashuka anatoa hewa mpaka 33. Tafadhali, msifanye hivyo. Namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva ni ya tairi lililopoa, gari limesimama angalau saa tatu. Waliotengeneza tairi wanajua litapata moto na presha itapanda, wamelipigia hesabu hiyo. Ukitoa hewa likiwa la moto, asubuhi litaamka na 28. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja ubavuni kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakoleta joto linaloachanisha tabaka za ndani. Wewe ulitaka kuzuia tairi kupasuka, na hapo umelisogeza karibu na kupasuka, ukiwa na mzigo, ukielekea Kitonga.

Kuhusu vifuniko vyenyewe, fanya kipimo kimoja. Valvu ya kawaida ina kisindano ndani ambacho ndicho kinachozuia hewa. Kifuniko cha sensa, ili kipime, lazima kikibonyeze kile kisindano muda wote. Maana yake hewa yako sasa inazuiwa na kampira kadogo kaliko ndani ya kifuniko, basi. Chukua maji ya sabuni ya unga, paka kuzunguka shingo ya kifuniko, utazame bila haraka. Povu likianza kuvimba hata kwa kiputo kidogo kama kichwa cha njiti, kampira kamechoka. Badilisha, au rudisha kifuniko cha kawaida. Na geji nunua ya kwako, uitunze kwenye kifuko. Ile ya kwenye mpira wa sheli inaangushwa sakafuni kutwa nzima, siwezi kukuapia chochote juu yake.

Dada, habari? Nina Volkswagen iliyotoka Uingereza. Taa ya tairi, ile yenye umbo la kiatu cha farasi na alama ya mshangao, iliwaka. Nikabonyeza kitufe cha SET, ikazima. Baada ya siku mbili imewaka tena. Nimepiga teke matairi yote yako imara. Jumamosi nakwenda Korogwe na watoto. Nichomoe fyuzi ya taa?

Salama, lakini hapana dada yangu, usichomoe chochote, na teke si kipimo. Tairi la kisasa lina ubavu mgumu. Likiwa limebakiwa na upepo wa kutisha bado litakurudishia mguu.

Magari mengi kama lako hayana sensa ndani ya tairi. Yanatumia sensa za ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame ukifunga breki) zinazohesabu mzunguko wa kila gurudumu. Tairi likipungua upepo linafupika kidogo, linazunguka haraka kuliko wenzake, na kompyuta inashtuka. Ina akili ya kulinganisha tu. Haijui 33 wala 20. Ukibonyeza SET unaiambia kwamba hali ya sasa ndiyo sahihi, iikariri. Wewe umebonyeza huku tairi moja likiwa limepungua, ikakariri kosa. Imewaka tena kwa kuwa tairi lile limeendelea kushuka, yaani una msumari au valvu inayovuja. Na matairi yote manne yakishuka pamoja polepole, kama inavyotokea kwa gari lisilopimwa miezi, mfumo wa namna hiyo unaweza kukaa kimya kabisa.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu taa hizi zililetwa na vifo. Mwaka 2000 Marekani matairi milioni kadhaa ya Firestone yaliitwa yarudishwe, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya kuachana tabaka na magari kupinduka. Waliokufa walizidi 200, na upepo mdogo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa. Sheria ikapitishwa mwaka ule ule, na kufikia Septemba 2007 kila gari jipya dogo kule lilitakiwa kuwa na mfumo wa kuonya. Ulaya ikafuata, magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Japani haikulazimisha, ndiyo maana wasomaji wangu wengi hawana taa hii na inabidi wapime wenyewe. Lakini hata sheria ya Marekani inaitaka taa iwake upepo ukishuka asilimia 25. Kwa tairi la 33 hiyo ni chini ya 25. Ukiwa na 26 taa inaruhusiwa kunyamaza, na 26 kwa mwendo wa barabara ya Tanga na gari limejaa ni hatari. Ikiwaka, imechelewa tayari.

Fanya hivi. Ijumaa asubuhi, gari halijatembea, pima kwa geji matairi manne na spea. Lililoshuka lipeleke kwa fundi litumbukizwe kwenye maji, lizibwe kwa ndani. Akiona ubavu umevimba au una michirizi, usikubali lizibwe, nunua lingine, na utazame tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni, zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Jaza yote kwa kiwango cha gari lililobeba watu wengi, kimeandikwa kwenye kibandiko hicho hicho cha mlangoni au ndani ya kifuniko cha tangi. Ndipo ubonyeze SET. Jumamosi alfajiri, kabla watoto hawajapanda, pima tena lile lililozibwa. Kama limepungua hata psi 2, msiondoke nalo.